Fuso na Hino Paa Moja, na Spea Zetu Je?

Mssss! Wacha nisonye kwanza, maana neno hili limezunguka Mwanjelwa yote hapa Mbeya, kuanzia Kabwe hadi Mafiati, na kila aliyelipokea ameliongezea chumvi. "Fuso imekufa." "Fuso kainunua Toyota." "Mjerumani katoroka." Kuna mwenye Fuso tandamu ya kubeba viazi aliyeniuliza, uso wake kama wa mtu aliyefiwa, kama aliuze gari sasa hivi kabla bei haijaporomoka. Kaka, usiuze. Vuta benchi, pokea kahawa, tulizungumze jambo hili taratibu. Lina ukweli ndani yake, na ukweli huo sio unaotembezwa mitaani.

Mambo yalivyo ni hivi. Mei 2023 Daimler Truck ya Ujerumani, mwenye Fuso, na Toyota ya Japani, mwenye Hino, walitangaza kwamba wanataka kuziunganisha hizo kampuni mbili za malori. Wakasuasua, kwa sababu Hino ilikuwa na kesi shingoni, nitaifikia. Juni 2025 mkataba ukatiwa saini, na Oktoba mwaka huohuo wakataja jina la kampuni mama: ARCHION. Makao yake Tokyo, hisa zake kwenye soko la hisa la Tokyo, kuanza kazi kukapangwa Aprili 2026, Daimler Truck na Toyota kila mmoja akilenga kushika asilimia 25. Majina yanabaki: Fuso itaitwa Fuso, Hino itaitwa Hino. Lakini viwanda vitano vya malori kule Japani vitapunguzwa hadi vitatu ifikapo mwisho wa 2028, na wamesema wazi kwamba chesisi na mitambo ya malori hayo itakuwa ya pamoja, kuanzia yale madogo hadi yale mazito.

Mimi hapo kwenye mitambo ya pamoja ndipo ninapokaza macho. Hayo ya hisa na Tokyo hayanisumbui sana.

Mzee mmoja, dereva aliyeshika usukani tangu enzi za Scania zilizounganishwa Kibaha, alinikatiza: "Sasa mwanangu, Mitsubishi mwenyewe anasemaje?" Shikamoo mzee wangu, Mitsubishi uliyemzoea aliondoka kwenye kiti zamani, na sisi hapa tuliendelea kununua bila kuambiwa. Januari 2003 idara ya malori na mabasi ilitengwa na Mitsubishi Motors ikawa kampuni inayojitegemea, na DaimlerChrysler wakachukua asilimia 43. Machi 2004 wakapanda hadi 65. Mwaka 2005 wakafika 85, na hizo za mwisho walipewa kama fidia, kwa kasoro zilizokuwa zimefichwa wakati wananunua. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha kampuni nyingine za ukoo wa Mitsubishi. Kwa hiyo ukiona Pajero imeegeshwa karibu na Fuso, zote zina almasi tatu usoni, ujue wenyewe ni tofauti kwa zaidi ya miaka 20. Huko kwenye Pajero, Nissan alinunua asilimia 34 ya Mitsubishi Motors mwaka 2016.

Na hizo kasoro zilizofichwa ndizo zinazonifanya nisonye mpaka meno yaume. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likiwa barabarani, likampiga mama aliyekuwa akitembea kando ya njia na watoto wake wawili wadogo. Mama akafariki, watoto wakaumia. Kilichokatika ni habu. Kampuni ikajitetea kwamba wenye malori hawayatunzi magari yao. Mnalijua neno hilo? Kila ajali ya Inyala au Mlima Nyoka, kabla vumbi halijatulia, mtu ameshasema "hawa madereva hawa." Machi 2004 ndipo kampuni ikakiri kwamba habu yenyewe ilikuwa na udhaifu tangu ilipobuniwa, ikaita malori zaidi ya laki moja yarudishwe kutengenezwa. Wakubwa wake wakaburuzwa mahakamani.

Hapo kubadilika kwa mwenye mali kulisaidia, nitalisema bila kumung'unya. Mjerumani aliponunua alitaka kujua amenunua nini, na mambo yaliyokuwa yamefungiwa kabatini yakatoka. Anayeingia hana sababu ya kulinda aibu ya aliyetoka.

Lakini jamani, yale malori yaliyoitwa yarudishwe, ni nani aliyaita yale yaliyokuwa yameshavuka bahari? Barua ya mwito huenda kwa mtu aliyeandikishwa Japani. Lori likishauzwa mnadani, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam, likapewa namba ya T na kupandishwa Kitonga, halina anayelitafuta tena. Fundi wa hapa anafungua gurudumu, anaona ufa, anasema "chuma kimechoka," anachomelea. Hajui kwamba kuna karatasi iliyoandikwa Kijapani inayoeleza ufa uleule. Kampuni za magari za Japani zina mahali pa kuingiza namba ya chesisi ukajua kama gari lina mwito ambao haujatekelezwa. Sijamwona mwagizaji hata mmoja wa hapa kwetu anayefanya hivyo kabla ya kulipia. Tunauliza kilometa, tunauliza rangi, tunauliza kama kitanda cha dereva kipo. Mssss.

Turudi kwenye mitambo. Fuso iliyojenga jina hapa nyanda za juu kusini, ile iliyohamisha mchele wa Ubaruku na Kyela, ndizi za Tukuyu na viazi vya Umalila, ni ile yenye 6D16. Silinda sita kwenye mstari mmoja, lita saba na nusu, pampu ya chuma tupu. Wakubwa zake ni 6D17 na 6D22. Fundi wa pampu hapa Mwanjelwa ataifungua 6D16 gizani. Anabadilisha nozo, anaweka ringi, anaseti klapu kwa sikio, gari linaondoka asubuhi na mzigo. Elimu hiyo hakuipata chuo. Aliipata chini ya chesisi, kwa fundi aliyemtangulia, na akawapa wengine. Ndiyo iliyoifanya Fuso iwe Fuso huku, kuliko tangazo lolote la kampuni.

Chini ya Mjerumani mambo yakabadilika, ingawa nitakuwa mwongo nikisema kompyuta ililetwa na yeye peke yake. Sheria za moshi za Japani zilikuwa zinakazwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kila kiwanda kilihamia kwenye pampu za umeme na machujio ya masizi. Ila mwenye mali ndiye anayechagua njia ya kuitii sheria, na hapo mkono wa Daimler unaonekana. Canter iliyotoka mwaka 2010 iliachana na injini kubwa za zamani ikachukua 4P10 ya lita tatu, ambayo asili yake ni ya Fiat, ndugu wa ile iliyo kwenye Iveco Daily. Ikaja pia na gia boksi ya Duonic yenye klachi mbili ndani. Fuso kubwa, Super Great ya mwaka 2017, ikapewa injini zilizotokana na za Mercedes. Lebo ni ileile, almasi ni zilezile, lakini chini ya kichwa kuna Mtaliano na Mjerumani. Aliyenunua akidhani amepata mdogo wake na 4D33, ile injini ya Canter za zamani, amejikuta kwa fundi anayemwambia: "Dogo, hii lazima ipimwe na kompyuta, na kompyuta yenyewe siyo hii niliyonayo."

Halafu kuna Fuso za India. Kuanzia 2013 Daimler walianza kutengeneza Fuso kwenye kiwanda chao cha Oragadam, karibu na Chennai, kwa ajili ya Asia na Afrika, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuzipokea. Ni ndugu wa malori wanayoyauza India kwa jina la BharatBenz. Kijiweni zinabezwa: "Hiyo ya Mhindi." Mimi sikubaliani na bezo hilo. Lori lililobuniwa kwa barabara za India, mizigo ya India na mafundi wa India liko karibu na maisha yetu kuliko lile lililobuniwa kwa lami ya Osaka. Shida yake ni bei. Jipya linauzwa kwa wenye mkopo wa benki na makampuni, na Mwanjelwa ni eneo la gari la mtumba. Mkulima wa viazi aliyeunganisha fedha na shemeji yake hawezi kuingia kwa wakala na kutoka na lori jipya.

Sasa tujiulize hawa wengine waliouzwa kabla ya muungano huu wa Fuso na Hino, wako wapi leo.

Nissan Diesel mnaikumbuka, malori yake na mabasi yake. Volvo ya Uswidi ilianza kununua hisa 2006, mwaka uliofuata ikawa yake yote, na 2010 jina la Nissan Diesel likaondolewa, ikawa UD Trucks. Aprili 2021 Volvo wakaiuza kwa Isuzu. Katika miaka 15 kampuni moja imepita mikono mitatu. Nenda duka lolote la spea ulizia kitu cha UD ya kipindi cha Volvo, uone muuzaji anavyokuna kichwa: hiki cha Kijapani, hiki cha Kiswidi, hiki agiza usubiri. Ukiulizia cha Nissan Diesel ya zamani, anakwambia ngoja dakika tano.

Kenya nako General Motors East Africa, iliyoanzishwa 1975, ilikuwa inaunganisha Isuzu na pia kuuza Chevrolet. Mwaka 2017 Wamarekani wakauza hisa zao, asilimia 57.7, kwa Isuzu wenyewe, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Kwa mwenye lori la Isuzu hakuna kilichobadilika isipokuwa bango getini, kwa sababu aliyebuni injini ndiye aliyeingia kushika. Mwenye Chevrolet ndiye aliyeachwa njiani. Chapa yake iliondoka sokoni pamoja na mwenye mali.

Land Rover sitaipigia maelezo marefu: BMW 1994, Ford 2000, Tata 2008, na Januari 2016 Defender ya zamani ikafungwa kabisa pale Solihull. Bado milimani kwetu zinapanda. Kwa nini? Kwa sababu spea za Land Rover ya zamani zinatengenezwa na viwanda vingi huru ambavyo havimwombi ruhusa mwenye chapa. Ndiyo maana nilimwambia yule wa tandamu asiuze. 6D16 iko hivyohivyo. Imezagaa Afrika na Asia nzima, pistoni zake na gasketi zake zinatoka viwanda ambavyo havijali nani amekaa Tokyo. Hatari ya 6D16 ni spea feki, na hiyo ilikuwepo kabla ya ARCHION: bitana za breki zinazotoa harufu ya kuungua kabla hujamaliza kushuka Kitonga. Ukinunua bitana za bei ya nusu kwa gari lenye tani nane nyuma yake, unachezea roho za watu walio mbele yako barabarani.

Kinachonitia wasiwasi ni gari la katikati. Lile la kuanzia kama 2008 hadi 2025. Si la zamani ambalo fundi analijua, si jipya lenye wakala na dhamana. Lina kompyuta, lina chujio la masizi, mengine yanataka na maji ya AdBlue, na limejengwa kwa mitambo ambayo kampuni mpya huenda ikaiacha kidogo kidogo ili Fuso na Hino zitumie ya pamoja. Sisemi spea zake zitakatika kesho. Kampuni kubwa huendelea kutengeneza spea miaka mingi baada ya gari kuacha kutoka. Ninachosema ni kwamba hakuna atakayekuwa na hamu ya kuzishusha bei wala kufundisha watu, kwa mitambo ambayo yeye mwenyewe anaiaga. Na viwanda huru haviwezi kujaza pengo haraka, kwa sababu sensa na kompyuta ya injini si kitu cha kufinyanga kama gasketi.

Halafu tazama tunavyosukumwa kuelekea hapohapo. Gari la umri mkubwa likifika bandarini TRA wanaliongezea ushuru wa uchakavu, na nia yao ni njema: nchi isiwe jalala. Mnada wa Japani nao unamwaga magari ya miaka kumi hivi. Mnunuzi wa Mwanjelwa anakwepa ushuru kwa kuchukua la karibuni, na kila akisogea karibuni anaingia ndani zaidi ya kile kipindi cha katikati. Atafika 2028 au 2030 na Canter ya 2016, Duonic imegoma Makambako, nyanya zinaoza nyuma, na fundi aliye karibu anajua 4D33 tu. Atamlaumu nani? Fundi. Na fundi atasema gari hili bovu. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa kwenye kikao cha Stuttgart au Tokyo.

Nimeahidi kuisema Hino. Machi 2022 walikiri kwamba walikuwa wakichezea vipimo vya moshi na vya mafuta vya injini zao, na uchunguzi ukaonyesha uchafu huo ulianza angalau 2003. Januari 2025 wakakubali kulipa Marekani zaidi ya dola bilioni 1.6. Hao ndio wanaoingia paa moja na Fuso yenye kovu la Yokohama. Utingo mmoja kijana, msikivu sana, akaniuliza kama basi sote tuogope. Hapana, mdogo wangu. Nilisema na narudia, mwenye mali mpya huleta taa. Toyota walipoona Hino imewachafua hawakuiachia iendelee kivyake. Na Toyota, kwa upande wa spea na mafundi, ana historia Afrika Mashariki ambayo Daimler hawana. Huyu ndiye aliyefanya spea ya Hiace ipatikane mpaka Chunya. Kama desturi hiyo itaingia ARCHION, Fuso ya 2030 inaweza kuwa rahisi kuitunza kuliko Fuso ya 2015. Hilo ni tumaini langu la kweli.

Lakini tumaini halifungi nati. Kuna mambo tunayoweza kuyadai sisi wenyewe, hapa, kabla ya huko kuiva. TBS ndio wenye dhamana ya ukaguzi wa magari ya mtumba yanayoingia. Wakiongeza jambo moja kwenye ukaguzi wao, kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lina mwito wa kurudishwa ambao haukutekelezwa, malori yenye habu mbovu na breki mbovu yatajulikana kabla ya kuuona mteremko wa kwanza. Haihitaji maabara. Inahitaji mtu, simu na nia.

Na mafundi. Hapa Mbeya tuna VETA, tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Fundi wa pampu mwenye miaka 25 kazini hawezi kuacha familia akakae darasani miaka mitatu kusoma alichokijua zamani. Mpeni wiki mbili, jioni, kwa Kiswahili, mashine ya kupimia ikiwa mkononi mwake na 4P10 ikiwa mezani. Mikono anayo na masikio anayo. Amenyimwa maandishi tu. Wakala rasmi wa chapa hizi wana vitabu vya matengenezo na programu za kupimia, na wamezifungia kwenye karakana zao kama siri ya ukoo, wakati magari mengi tunayoyaona hapa hayatakanyaga karakana hizo maisha yake yote. Wakati kampuni zinaungana na mikataba ya uwakala inaandikwa upya ndio wakati wa kulisema hili. Chama cha wasafirishaji kiseme. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa waseme. Mikataba ikishasainiwa, tutabaki kusonya.

Kwa anayenunua mwezi huu na hawezi kungoja VETA wala TBS: kabla hujalipia, andika namba ya injini kwenye karatasi, si jina la gari. Peleka karatasi hiyo kwa maduka matatu ya spea hapa mjini, uulize nozo, seti ya klachi na kompyuta yake, bei na siku za kusubiri. Kisha umwite fundi wako umwonyeshe karatasi ileile, umuulize kama ameshaifungua injini hiyo kwa mikono yake. Akinyamaza, tafuta gari lingine.